Pikipiki ya Ukweni

Jana usiku ndoto ilinikuta nimeshavaa viatu, niko dukani, nachagua pikipiki.

Nieleze kwanza lililo kweli, ili la ndotoni lisikae hewani. Siku nyingi nimekuwa nikitaka kruza, zile pikipiki ndefu za kukaa chini, miguu mbele, mikono imekunjuka, mtu anaendesha kama amekaa barazani kwake. Maisha yangu yote ni kutembea. Nimekwenda Rukwa kwa miguu nyuma ya ng'ombe wa watu, nimelala juu ya malori ya chumvi, nimeshuka mlima Sekenke kwa baiskeli isiyo na breki. Mke wangu Kalunde hajawahi kufuatana nami hata safari moja. Alibaki Sikonge na watoto. Nikirudi ananitengea maji ya kuoga, basi, hasemi kitu.

Safari hii aliyesema ni yeye. Anataka kwenda upande wa Kasulu kuliona kaburi la mama yake, ambaye uzeeni alimfuata kaka yake huko, akafia hukohuko. Tangu wamzike, Kalunde hajarudi. Nikamwambia twende kwa kruza, nitatafuta nzuri. Akaendelea kuchambua mchele, kisha akasema maneno ambayo ndiyo niliyolala nayo.

"Baba Mihambo, nitapanda mara moja tu. Mgongo ukiniuma nashuka hapohapo na sipandi tena. Narudi nyumbani, na wewe utaendelea kama ulivyozoea, peke yako."

Kwa hiyo kuchagua kwenyewe hakukuwa mchezo. Nikikosea pikipiki, mke nimemwacha tena, na mara hii kwa mkono wangu mwenyewe. Nililala nimekaza nia kama mtu aliyekaza mkanda.

Basi niko dukani. Duka liko Tabora mjini, karibu na stesheni, lakini ndani ni kubwa kuliko Tabora. Mwuzaji anaitwa Pazi. Kuanzia kiunoni kwenda juu ni mtu wa kawaida, shati la mikono mifupi, kalamu mfukoni. Kuanzia kiunoni kwenda chini ni kaunta ya mbao yenye droo mbili. Sioni ajabu. Nimemsalimia, amefungua droo ya kushoto, ameitikia kutoka humo.

Akaniuliza kabila langu. Nikamwambia Mnyamwezi. Akafurahi sana, kwa maana yeye ni Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, anaweza kukunyang'anya kofia, na wewe huna ruhusa ya kukasirika.

"Mnyamwezi na pikipiki wapi na wapi," akasema. "Babu zenu walifika pwani na mizigo kichwani. Kubeba mnakujua, sawa. Kubebwa mtaweza?"

Nikamjibu kwamba babu zetu walipofika pwani waliwakuta Wazaramo wamelala chini ya minazi wakingoja nazi zishuke zenyewe, na ndiyo maana yeye amezaliwa na kaunta, ili asichoke kusimama. Akacheka mpaka droo zikafunguka. Akasema siku nikifa atakuja msibani anivue viatu mbele ya wajane. Nikamwambia avichukue tu, vina matundu, na mjane nina mmoja. Tukawa tumeelewana.

Ndipo akaacha mzaha, akanieleza sheria ya duka. Kruza inatafutwa kwa mambo matatu: raha, sura na kazi. Raha ni kiti na mgongo. Sura ni watu wageuke ukipita. Kazi ni ikufikishe, ibebe vyako, isikufilisi kwa mafuta. Akasema pikipiki yenye yote matatu haijawahi kuingia dukani kwake.

"Chagua mawili," akasema. "La tatu litakuchagua wewe."

Nikamwambia nataka yote matatu na sitoki bila yote matatu. Akaniangalia kama daktari anavyomwangalia mgonjwa aliyeuliza kama bia inaruhusiwa. Kisha akajibonyeza kifuani, ikalia kengele ya stesheni, na ukuta wa nyuma ukaondoka kwenda Kigoma. Ulikuwa treni. Nyuma yake kruza zimejipanga.

Ya kwanza ni ya sura. Nyeusi, ndefu, vyuma vyake vinang'aa kama sufuria za bi harusi. Inajitazama kwenye vioo vyake vyote viwili, mara hiki mara kile. Nikabisha hodi kwenye tangi. Ikasema bila kugeuka, "Subiri, sijamaliza."

Nikasubiri. Ndevu zangu zikakua mpaka tumboni, nikazifunga fundo zisinisumbue, nikaendelea kusubiri. Ilipomaliza ikaniuliza sura yangu nyingine iko wapi. Nikasema ninayo hii tu. Ikasikitika, ikasema basi nipande hivyohivyo, watu watatazama chini.

Nimepanda. Usukani wake uko juu sana, nimeushika kama mtu aliyeambiwa mikono juu. Na kweli askari amefika, ananiuliza nimefanya nini mpaka nijisalimishe. Namwambia huu ni mtindo. Anasema mtindo haumo katika makosa anayoyajua, nitafute kosa lingine au nishushe mikono, na mikono haishuki. Nikakiri wizi wa jogoo ambao sikuufanya, ili mambo yaende. Akashukuru, akamchukua jogoo, maana alikuwapo.

Nikaiuliza ile pikipiki swali langu: mke wangu atakaa wapi? Ikanionyesha kwa nyuma. Kiti kipo, cha ngozi nyeusi, ukubwa wa kitumbua.

"Hicho ni cha kuonekana," ikasema. "Hakuna aliyewahi kukikalia. Mtu akikikalia, kinafichika."

Nikamfikiria Kalunde na mgongo wake juu ya kitumbua kutoka Sikonge mpaka Kasulu. Nikashuka. Mikono ilibaki juu kwa muda.

Ya pili ni ya raha. Hii ni pana kama kitanda cha chuma, na kiti chake ni kochi la watu watatu, limetandikwa vitambaa vya kufuma, vyeupe vyenye maua ya manjano pembeni. Nikakaa ili nionje. Pale pale hatuko tena dukani, tuko sebuleni kwa watu. Ukutani kuna picha ya harusi ya watu nisiowajua, na wote wawili wananisalimia. Chai imeletwa. Mto umejisogeza wenyewe nyuma ya mgongo wangu. Mbele yangu kuna televisheni, na kwenye televisheni kuna barabara inapita.

Nikauliza tunaondoka lini. Kochi likanijibu taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeshiba pilau, kwamba tumeshaondoka, nitazame. Nikatazama. Kweli, ilipita Urambo, ikapita Kaliua, na chai haikumwagika hata tone. Nikasema moyoni, hii hapa, Kalunde atakaa kama malkia.

Kumbe upande wa pili wa kochi kuna mwenzangu, mzee wa rika langu, amefunikwa kitambaa mpaka kiunoni. Akasema anaitwa Lugembe. Alikuja kuchagua pikipiki, akaona kwanza aonje kiti kidogo. Alipofunua kitambaa, miguu yake ilikuwa imeota mizizi, imezama kwenye zulia, na gotini pamechipua majani ya muhogo, mazuri, hayana hata ugonjwa.

"Kisamvu laini sana hiki," akaniambia. "Wananichuma Ijumaa na wakipata wageni."

Nikamwuliza kama ana mke. Akafikiri. Akasema alikuwa naye, alisimama hapo mlangoni na kibegi chake akingoja waondoke, na baadaye hakuwapo tena. Hakumbuki ilikuwaje, maana chai ndiyo kwanza ilikuwa imeletwa.

Nikainua mguu wa kushoto, ukaja. Nikainua wa kulia, kidole gumba kimeshashika. Nikakivuta kwa mikono miwili. Kilitoka kwa ile sauti ya muhogo unaong'oka kwenye udongo mkavu, na watu wa kwenye picha wakaguna. Lugembe akanisihi nimalizie chai angalau. Nikamwambia nina safari. Kochi likasema karibu tena, kwa huzuni ya kweli, sikulichukia.

Nikafungua mlango wa sebule nikatokea kwenye mizani ya barabarani, pale wanapopima malori. Juu ya mizani imesimama ya tatu, ya kazi. Taa ndogo, mbavu nje, haina pambo hata moja. Imebeba magunia ya mkaa, tenga la kuku, godoro, mlango pamoja na fremu yake, na mchungaji aliyekuwa akienda kubatiza. Haihemi. Ilikuwa ikinywa mafuta kwenye kijiko cha chai, na hicho kijiko, ilinieleza, kinaifikisha Mbeya na kurudi.

Ikaniuliza nabeba nini. Nikasema nambeba mke wangu.

"Anavunjika?" ikauliza.

Nikasema yeye si mzigo, ni mtu. Ikanijibu kwamba juu ya mizani hakuna mtu, kuna uzito tu. Mke wangu alazwe, kichwa nyuma, afungwe kwa mipira ya baiskeli, upepo usimshike. Mchungaji akatoa kichwa kati ya magunia akanitia moyo. Akasema mtu huzoea. Yeye ameshazoea, isipokuwa yule mtoto anayekwenda kumbatiza sasa ameoa na ana wajukuu, na bado hawajafika kwa sababu kila mahali pikipiki inapata mzigo mwingine wa njia moja.

Mtu wa mizani akatoka na muhuri mkubwa akitaka kunigonga kwenye paji la uso. Nikamshika mkono. Nikasimama katikati ya barabara nikasema kwa sauti, ili anayehusika asikie, kwamba nataka raha, sura na kazi, na nataka kiti cha nyuma cha binadamu, na sitoki hapa mpaka nipewe. Malori yakapita katikati ya tumbo langu, moja baada ya jingine, yakipiga honi kwa heshima. Sikusogea.

Pazi akaja anajisukuma, kaunta imeota magurudumu. Akaniambia wateja wakaidi amewaona, lakini Mnyamwezi mkaidi ni bidhaa nyingine. Halafu akashusha sauti. Akasema ipo moja imebaki, kule stoo, imefunikwa turubai. Haiuzwi. Haikuletwa na mtu, aliikuta asubuhi moja iko ndani na mlango umefungwa. Hajui ni ya nani wala ni ya kabila gani.

Twende, nikasema.

Stoo ni giza, lakini chini ya turubai kuna mwanga mdogo kama wa taa ya kandili. Nimeshika pembe ya turubai, nimeinua kidogo. Naona tairi la nyuma, pana, limetulia.

Sauti ikatoka ndani. "Nani huyo anafunua watu bila hodi? Miguu kama ya korongo, na korongo mwenyewe ameumwa."

Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Mtu anayekutukana kabla ya salamu ni mtani, hakuna mwingine. Nikajua hii ni pikipiki ya Kizaramo, tutaelewana, na raha na sura na kazi tutazipata hukohuko kwenye utani. Nikaanza. Nikamwambia yeye ni kizee cha chuma, tairi kama makalio ya kiboko, ndiyo maana amefichwa na turubai watoto wasiote vibaya. Nikamwambia kama ana meno ayaonyeshe tuyahesabu. Tena nikafanya kama mtani afanyavyo: nikang'oa kifuniko cha tangi lake la mafuta, nikakitia mfukoni, nikamwambia akitaka kukikomboa achemshe pombe. Mwisho nikampiga kofi kwenye kiti, pwaa.

Ile ya sura iliacha kujitazama. Pazi akafunga droo zake, moja, halafu nyingine, polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Turubai likaanguka lenyewe.

Kwenye tangi amefungwa khanga ya zamani, fundo liko kushoto. Taa yake ya mbele ni jicho moja lenye ukungu katikati, ukungu wa mtoto wa jicho, na mimi ukungu ule naufahamu, niliukwepa miaka mingi. Hakuwa mtani. Alikuwa mama mkwe wangu, mama yake Kalunde. Jina lake silitaji. Hata ndotoni sikulitaja.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawataniani. Hukai anapokaa, huli naye chungu kimoja, humtazami usoni, na ukikutana naye njiani unaingia porini ili apite. Enzi za uhai wake niliingia porini mara nyingi sana, nyingine kwenye miiba, nikasimama humo bila kusema kitu mpaka apite. Na leo nimempiga kofi kwenye kiti.

Nikapiga magoti, nikageuza uso ukutani. Kifuniko nikakirudisha kwa kutembea kinyumenyume, nimekishika kwa mikono miwili. Kwa kuwa sikuweza kumsemesha, nikamwambia Pazi amwambie kwamba nimekosa. Pazi amesimama katikati yetu, anaweza kutugusa sote wawili.

"Anasema amekosa," Pazi akamwambia.

Mkwe, aliyekuwa amenisikia vizuri, akamwambia Pazi aniambie kwamba amesikia. Pazi akaniambia. Nikamwambia amwambie asante.

Akauliza, kwa njia hiyohiyo, mkwewe anatafuta nini kwenye maduka ya watu. Pazi akaeleza: raha, sura, kazi, na kiti cha nyuma cha binadamu. Palepale mkwe akawasha injini. Haikunguruma, ilipeta, kama ungo wa mtu anayejua kupeta. Nami kwa pembe ya jicho, Mungu anisamehe, nikamwona. Chini, mrefu, mweusi kama chungu kilichopika harusi nyingi. Kiti kipana, kirefu, kimoja mbele mpaka nyuma, kimevishwa ile nguo ya kubebea mtoto mgongoni. Vikapu viwili vya ngozi ubavuni. Mahali pa miguu pamesogezwa mbele, kwa mtu mzima anayetaka kunyoosha goti. Sijawahi kukitamani chombo namna ile tangu nianze kutembea.

Pazi akaniinamia sikioni, hakucheka. "Mtani, hapo umekwama. Yenye yote matatu ni hii, na ndiyo pekee usiyoweza kuikalia."

Ni kweli. Mkwe hapandwi. Jambo hilo hata halijakatazwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kulifikiria.

Nikakaa sakafuni kufikiri. Ndotoni kufikiri ni kazi ya mikono. Nikatoa fikra mfukoni moja moja, nikazipanga chini. Kutandika mkeka juu ya kiti: hapana, bado nimemkalia. Kufumba macho: bado ni yeye. Kumwomba awe mtu mwingine kwa safari moja tu: nikaona aibu kabla sijamaliza kuifikiri. Kurudi kwenye kochi: kidole gumba kikajikunja chenyewe. Mfukoni ikabaki moja, ndogo, imejikunja kama tiketi ya zamani. Nikaikunjua. Ilisema: mgongo huu ulishabeba mtu.

Nikajua la kufanya, na sikulipenda.

Nikamwambia Pazi amwambie hivi. Mimi sitapanda. Atakayepanda ni Kalunde, kwa sababu mgongo ule ni wake, aliulalia kabla mimi sijamjua. Kalunde atakaa mbele. Mimi nitakaa nyuma yake, juu ya khanga yake yeye, nisiguse kiti. Na usukani ataushika yeye.

Hilo neno usukani lilinikwama. Maisha yangu yote sijapanda chombo kinachoongozwa na mtu wa nyumbani kwangu. Nililitoa kooni kama mtu anavyotoa mfupa wa samaki, nikaliweka juu ya kaunta, na Pazi akalifuta kwa kitambaa.

Mkwe akazima injini. Halafu akafanya jambo ambalo hakulifanya hata siku moja alipokuwa hai: akanisemesha mwenyewe, bila Pazi.

"Mkwe wangu," akasema, "ulikuwa unaondoka, mwanangu anabaki mlangoni. Nilikuwa nakuona. Nilikuwa na maneno, lakini adabu ilinifunga, nikafa nayo. Leo umenitukana wewe kwanza."

Akanitukana. Alitukana kwa utulivu, kuanzia viatuni kwenda juu. Alipita magotini, akapita tumboni, kila mahali akikaa kwa muda unaostahili, na alipofika kichwani akapumzika, akaanza tena kutoka viatuni kwa yale aliyoyasahau. Hakusema uongo hata mahali pamoja. Kuna sehemu Pazi alitaka kuandika, akaona haya. Alipomaliza nikamwambia Pazi amwambie asante, na nilimaanisha.

"Yuko wapi mwenyewe?" mkwe akauliza.

Yuko mlangoni. Kalunde amesimama kwenye mlango wa stoo, amejifunga khanga kiunoni, kibegi mkononi. Hashangai. Ametazama ile taa yenye ukungu. Mama yake akamwuliza mgongo unaumaje.

"Unauma nikingoja, mama," Kalunde akasema. "Nikienda sijui. Sijawahi kwenda."

Nikachukua kibegi chake nikakitia kwenye kikapu cha ubavuni. Kilikaa kana kwamba kikapu kilikatwa kwa kipimo chake.

Kalunde akapanda. Kile kiti kikamjia pande zote mbili, kikamkaza kiunoni na kumwachia mabega. Miguu yake ikafika mbele bila kutafuta. Akatandika khanga nyuma yake, akaipigapiga kwa kiganja, akaniambia nikae. Nikakaa juu ya maua ya khanga, nikihakikisha sivuki pindo.

Pazi akafungua droo ya kulia. Akatoa miwani ya upepo, mikubwa, ya duara, yenye mkanda wa mpira wa kuzunguka kichwa. "Vaa hii, shemeji. Huko mnakokwenda kuna vumbi." Kalunde akaivaa, nami nikauliza yangu iko wapi. Akasema abiria hapewi miwani, abiria anapewa mgongo wa dereva. Ndilo lilikuwa tusi lake la kuniaga, na akashinda.

Tumeondoka. Kalunde hajui kuendesha, lakini anaendesha. Urambo imepita, Kaliua imepita, na mara hii siyo kwenye televisheni, upepo unaingia mpaka kwenye matundu ya viatu. Daraja la Malagarasi limetuona tukija likainuka kusalimia, likatupisha kwa chini. Mbele yetu naona kona. Namwambia Kalunde kuna kona.

"Nimeiona, Baba Mihambo."

Namwambia apunguze mafuta kidogo. Injini ya mama yake inacheka kwa ndani, nahisi kwenye mifupa. Nikageuza uso kando. Kumbe mtu wa nyuma haoni mbele, anaona pembeni. Nikaona mwanamke anaanika muhogo juu ya jabali, nikaona mbwa wawili wamelala katikati ya uwanja wa mpira na mechi inaendelea kwa kuwazunguka. Njia hii nimeipita mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, na jabali lile sikuwahi kuliona.

Baada ya Uvinza lami ikaisha. Barabara ikawa nyekundu, milima ikaanza kuja. Lori moja liko mbele yetu limetimua vumbi zito kama ukuta wa tofali, na Kalunde hapunguzi, anaingia humo humo. Nikaficha uso mgongoni kwake. Ndipo nikakumbuka kwamba swali lenyewe bado sijaliuliza, lile lililonilaza na mawazo, na kwamba akijibu vibaya tutasimama hapa hapa, katikati ya vumbi, ashuke. Niliogopa. Nikakaza mikono kiunoni kwake, nikajilazimisha, nikapaza sauti juu ya injini: "Mgongo vipi?"

Nikaamka na neno hilo mdomoni. Kumekucha. Jua limeshaingia dirishani, majogoo wa jirani wanagombana uani. Sikonge hii hii, chumba hiki hiki, na nje ni mchanga wetu uleule mweupe ambao haujawahi kumchafua mtu.

Kalunde amelala kwa ubavu, amenipa kisogo. Sauti yangu imemfikia.

"Hauumi," akasema, nusu bado yuko usingizini. "Twende tu."

Akajigeuza upande wangu. Uso wake wote ulikuwa mwekundu wa vumbi, paji la uso, mashavu, mpaka kidevuni, isipokuwa duara mbili safi kuzunguka macho.

Nikapitisha kiganja kwenye uso wangu mimi. Kilitoka hakina kitu.